Silibwet, mti uliotoa jina na kukosa pa kusimama

Si mbali na mji wa Bomet kuna kituo cha biashara kiitwacho Silibwet. Matatu husimama hapo, kina mama huuza viazi na kabeji, na malori yaliyosheheni majani chai hupita yakielekea viwandani. Mwulize kijana wa bodaboda jina hilo lilitoka wapi, naye huenda akakwambia kwamba jina ni jina tu. La hasha! Silibwet ni mti, na mti huo ulikuwepo kabla ya kituo, kabla ya lami, na kabla ya mche wa kwanza wa chai kutiwa katika udongo wetu.

Wazee wetu wa Kipsigis hawakuwa na ramani za karatasi. Miti ndiyo iliyowaonyesha mahali. Kule Bureti kuna Tebesonik, jina lililotokana na mti wa tebeswet. Kule Belgut kuna Sosiot, na sosiot ni mkindu ambao vijiti vyake husafishia vibuyu vya maziwa ya mursik. Mtu alipouliza njia aliambiwa, "Nenda mpaka penye silibwet," naye akafika. Siku hizi twaambiwa tushuke Silibwet, nasi twafika, ila mti hatuuoni. Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Kwetu mambo yamegeuka: wajenzi wapo tele, miti ndiyo inayotafutwa.

Msomaji huenda akashangaa ni vipi mimi, mwalimu niliyeishi Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini, nimeamka Jumapili kuzungumzia mti wa Bomet. Sababu ni binti yangu.

Kifungua mimba wangu ni muuguzi. Mwaka 2023 alipata kazi nchini Ujerumani, katika mji wa Leipzig. Juni iliyofuata alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa ya mti mkubwa ulioota kando ya barabara ya tramu, majani yake mapana yenye umbo la moyo, na maua madogo yakining'inia vichala vichala. Chini ya picha aliandika: "Baba, silibwet umefikaje huku?"

Huo haukuwa silibwet. Jioni alinipigia akaniambia kwamba amewauliza wenzake kazini, nao wamemwambia kuwa ni mti wa Linde. Katika makala haya nitauita mlindeni. Aliambiwa pia jambo lililomfanya acheke peke yake ndani ya tramu: wataalamu wengi wa majina husema kwamba Leipzig yenyewe ni neno la watu wa kale wa jamii ya Waslavi, na maana yake ni mahali penye milindeni. Kwa hiyo mtoto wetu aliondoka Silibwet, akavuka bahari, akaenda kuishi katika Silibwet nyingine.

Binamu wa mbali

Nilitaka kujua kama macho ya binti yangu yalimdanganya. Nilipochunguza nikaona kwamba hayakumdanganya sana.

Hapo zamani wataalamu wa mimea walikuwa wameupa mlindeni jamii yake. Pamba na bamia zilikuwa na jamii yao, mbuyu na msufi jamii yao, na kakao jamii yake. Silibwet uliwekwa upande wa kakao. Mwaka 1998 kundi la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilichapisha mpangilio mpya uliotegemea vinasaba, yaani ile hati ya urithi iliyomo ndani ya kila kiumbe. Hati hiyo ilionyesha kwamba jamii hizo nne ni ukoo mmoja. Zikaunganishwa chini ya jina la jamii ya mpamba na choya. Mlindeni na silibwet basi ni binamu, wala si kwa kutaniana.

Jambo litakalomfurahisha mama anayeenda sokoni Kangemi au Gikomba ni hili: katika ule mpangilio wa kale, mrenda ulikuwa katika jamii moja hasa na mlindeni. Naam, mrenda huu huu tunaoula kwa ugali! Mkole wa pwani nao ulikuwa humo humo.

Ukitaka kuwatambua watu wa ukoo huu, tazama mambo mawili. La kwanza ni utelezi. Bamia huteleza, mrenda huteleza, gome la mkole huteleza likilowekwa, na maua ya mlindeni yakichemshwa hutoa utelezi mwepesi. La pili ni nyuzi. Gunia la kawaida la kutilia mahindi, lile la zamani la rangi ya udongo, hufumwa kwa nyuzi za mmea ule ule wa mrenda. Pamba twaijua sote. Mbuyu nao, gome lake husokotwa kamba.

Kwa hiyo mzazi aliyeko Nairobi anaweza kuwapanga wanawe mezani akawaonyesha bamia, kipande cha pamba na kikombe cha kakao, kisha akawaambia kwamba hivi vyote ni ndugu. Somo hilo halihitaji karo.

Silibwet una jina la kitaalamu pia, Dombeya torrida, na jina hilo lina kisa chake. Neno la kwanza, Dombeya, liliwekwa na Mhispania Cavanilles mwaka 1786 ili kumkumbuka Mfaransa Joseph Dombey, aliyekusanya mimea kule Peru na Chile. Dombey huyu alikuwa na mikosi. Mwaka 1794 alitumwa Marekani apeleke vipimo vipya vya mita na kilo, chombo chake kikatekwa na maharamia, naye akafia kifungoni katika kisiwa cha Montserrat. Sina neno na marehemu. Ila hebu fikiria: mti wa Bomet wajulikana ulimwenguni kwa jina la mtu aliyetafuta mimea Amerika ya Kusini, ilhali jina lake la nyumbani limebaki kwenye ubao wa matatu. Jirani zetu Wakikuyu huuita mukeu.

Kamba, asali na chai ya maua

Mwaka 1991 watalii wawili waliokuwa wakipanda milima mpakani mwa Austria na Italia walikuta maiti ya mtu aliyehifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 5,000. Katika vitu vyake kulikuwa na kisu kidogo cha jiwe, na ala ya kisu hicho ilikuwa imesukwa kwa nyuzi za gome la mlindeni. Huko Urusi wakulima walivaa viatu vya gome hilo kwa karne nyingi. Siri yake ni ule utando wa ndani kati ya gome na mti. Hubanduliwa vipande virefu, hulowekwa, hutengana kama karatasi, kisha husokotwa.

Nilimsimulia mama yangu habari hizo, yeye aliyezaliwa na kuolewa papo hapo Bomet. Hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza, "Sasa ulidhani nyumba ya babu yako ilifungwa kwa misumari?" Akanieleza jinsi baba yake alivyokuwa akikata tawi la silibwet likiwa bichi, akalichana gome kutoka chini kwenda juu, akalisokota kabla halijakauka. Kamba hizo zilifunga fito za nyumba, zilifunga ghala la wimbi, na zilibeba kuni kutoka msituni. Mti wenyewe ulitoa fito na mipini ya majembe.

Kisha kuna asali. Maua ya silibwet ni meupe, mengine yakiwa na rangi ya waridi kwa mbali, nayo hujaa mti mzima. Nyuki huyafuata mpaka mti ukavuma. Waogiek wa msitu wa Mau, ambao asali kwao ni chakula, mahari na dawa, waijua miti ya nyuki mmoja mmoja na majira yake. Mlindeni nao ni hivyo hivyo. Huko Ulaya asali yake huuzwa kwa jina lake, na Wapoland huuita mwezi wa Julai "lipiec", neno litokanalo na jina la mti huo, kwa kuwa ndio mwezi wa maua yake.

Maua ya silibwet yana tabia moja ya ajabu. Maua ya miti mingi hupukutika yakizeeka. Haya hayaanguki. Petali hukauka papo hapo kwenye kichala, zikawa kahawia na nyepesi kama karatasi, zikikumbatia tunda dogo lenye mbegu. Krismasi ya mwaka 2024 kitinda mimba wangu, mtoto wa mjini huyu, aliutazama mti huo akasema, "Baba, ule mti umekufa." Nilimwambia asogee, avunje kichala kimoja, apukuse mkononi. Akaona mbegu. Mti ulioonekana kufa ulikuwa na mimba.

Krismasi hiyo hiyo binti yangu alimtumia bibi yake pakiti ya maua makavu ya mlindeni kupitia mwenzake aliyekuwa akija likizo. Ulaya maua hayo hutiwa katika maji ya moto yakanywewa kama chai, hasa mtu akiwa na mafua au kikohozi, na ule utelezi niliotaja hulainisha koo. Mama aliandaa birika. Fikiria mwanamke aliyechuma chai tangu ujana wake, mgongo ukapinda kwa kikapu, leo aletewe chai kutoka ng'ambo! Alionja, akanyamaza, akaonja tena.

"Inanukia asali," alisema. "Lakini mwambieni mjukuu wangu kwamba hii ni chai isiyo na chai. Na maziwa yako wapi?"

Miche hamsini

Tulikuwa tumekusanyika Krismasi hiyo kwa ajili ya jambo zito zaidi. Baba yetu alituacha mwaka 2019. Shamba lake ni ekari tatu, karibu lote likiwa chini ya chai. Mimi ndiye mkubwa na niko Nairobi. Mdogo wangu ndiye anayelala na kuamka hapo, anayechuma majani, anayebeba mzigo hadi kituo cha kupimia, na anayesubiri bonasi ya Oktoba. Katikati ya shamba, mahali ambapo mpaka kati ya sehemu yangu na yake ungepita, umesimama silibwet mmoja mkubwa. Mdogo wangu alitaka kuukata.

Mgala muue na haki yake mpe. Hoja yake ilikuwa na mizizi. Alinipeleka mpaka chini ya mti, akapima kwa hatua upana wa kivuli, akaniambia kwamba hapo panaingia miche hamsini ya chai. Chai hupandwa kwa futi nne kwa mbili na nusu, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sahihi. Ana mtoto chuo kikuu na mwingine shule ya upili. Miezi michache iliyotangulia mvua ya mawe, ambayo watu wa Kericho na Bomet twaijua kuliko watu wengi duniani, ilikuwa imeyachanachana majani na mizani ikalala.

"Kaka," aliniambia kwa upole, "kivuli hakilipi karo."

Sikuwa na jibu la haraka. Anayefika nyumbani kwa sherehe na matanga ni rahisi kupenda miti. Kivuli chake hakimgharimu kitu.

Na shida hii si ya shamba letu pekee. Kampuni kubwa za Kiingereza zilipoingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, msitu ulifyekwa kwa maelfu ya ekari ili chai ipandwe. Baada ya uhuru, mwaka 1964 likaundwa shirika la kustawisha chai ya wakulima wadogo, KTDA, na wazazi wetu wakapata njia ya kusomesha watoto. Siwezi kuidharau chai, kwani mimi mwenyewe ni tunda lake. Lakini chai hutaka moto wa kuikausha kiwandani, na moto hutaka kuni, na kuni zimeleta mikaratusi. Leo ukisimama juu ya kilima utaona rangi mbili tu: kijani cha chai na safu za mikaratusi. Mwaka 2001 serikali ya wakati huo ilitangaza kumega zaidi ya hekta 60,000 za msitu wa Mau. Silibwet, tebeswet na wenzao walibaki kwenye mipaka ya mashamba, na mipaka nayo inazidi kugawanywa.

Kwa Wajerumani, binti yangu ananiambia, mlindeni ulikuwa mti wa baraza. Wazee wa kijiji walikaa chini yake wakaamua kesi. Mjini Berlin kuna barabara iitwayo Unter den Linden, maana yake "chini ya milindeni", ambayo ilipandwa miti hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1647. Miti ya mwanzo haipo tena. Ilikatwa, ikazeeka, mingine ikateketea wakati wa vita, lakini kila kizazi kilipanda mingine mahali pale pale. Hapo ndipo nilipoona tofauti yetu na wao. Nao walikata. Ila walipokata walipanda mti wa jina lile lile, na jina halikubaki yatima.

Wazee wetu nao walikuwa na kokwet, baraza la majirani la kusuluhisha mambo. Siku hiyo baraza letu lilikuwa na watu watatu, na mwenyekiti alikuwa Mama. Alitusikiliza hadi mwisho, mkongojo wake ukiwa mapajani. Kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Unataka jua lifike kwenye chai yako, au unataka mti ufe?"

"Nataka jua, Mama."

"Basi kata mikono, usikate shingo."

Hiyo ndiyo elimu ambayo sisi, pamoja na vyeti vyetu, hatukuwa nayo. Silibwet ukikatwa matawi huchipuka tena, na hata ukikatwa karibu na ardhi kisiki chake huweza kutoa machipukizi. Watu wa kale hawakuuangusha kila walipotaka kamba au kuni. Waliuvuna kama sisi tunavyoichuma chai: unatoa, unasubiri, unatoa tena.

Machi mwaka 2025 mdogo wangu alipanda juu na panga, akaondoa matawi yote mapana. Alipata kuni za miezi kadhaa, na fito za kuziba ua wa ng'ombe. Jua likaingia. Pembeni alipanda miche ya chai, ingawa si hamsini. Kufikia Oktoba shina lilikuwa na kilemba cha majani mabichi. Maua hatukuyaona mwaka huo, na mizinga miwili aliyoining'iniza karibu bado inasubiri.

Sitamdanganya msomaji kwamba mambo yamekwisha vyema. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mti huo utabaki. Umesimama kwa neno la ajuza mmoja, na siku Mungu atakapomwita, hoja ya karo itarudi. Ndiyo maana hatukutegemea mti mmoja.

Kama unataka kuupanda

Chini ya silibwet tulikuta miche iliyojiotea, tukaing'oa pamoja na udongo wake. Mvua ndefu za mwezi wa Aprili ziliponyesha tuliipanda bondeni, kando ya kijito kiendacho kumwaga maji yake katika mto Nyangores, ambao huungana na Amala ukawa Mara. Hapo chai haisitawi kwa sababu ya unyevu. Mikaratusi ingesitawi, lakini huyanywa maji kwa pupa. Mnamo mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito iondolewe. Silibwet hauna ugomvi na kijito.

Kwa wasomaji wenye shamba au kiwanja sehemu za baridi, haya ndiyo ya kuzingatia.

Kwanza, mahali. Mti huu ni wa nyanda za juu, kati ya mita 1,600 na 3,200 hivi juu ya bahari. Limuru, Nyeri, Molo, Kericho na Bomet ni kwake. Aliye Mombasa asijisumbue. Yeye ana mkole na mbuyu, watu wa ukoo ule ule.

Pili, mbegu. Chuma vichala vikiwa kahawia, kabla vitunda havijapasuka na kumwaga. Vianike kivulini juu ya gunia, kisha vipukuse. Mbegu hazihitaji kulowekwa katika maji ya moto. Zisia mapema, zingali mpya, katika udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga kidogo. Funika kwa tabaka jembamba, weka kivuli cha nyasi, nyunyizia maji kila siku.

Tatu, kupandikiza. Miche ikishapata majani ya kutosha ihamishie katika vifuko au mikebe yenye matundu chini. Ikifikia kimo cha goti, ngoja mvua ndefu uipeleke shambani. Izungushie miiba, kwani mbuzi hawajui historia.

Nne, kupogoa. Mti ukikua usiogope kuupunguza matawi. Utapata kuni, na jirani hatalalamikia kivuli.

Wapo watakaouliza, je, twaweza kupanda mlindeni wenyewe? Binti yangu alitaka kuniletea mbegu, nikamkataza. Mbegu za mlindeni zina usingizi mzito. Lazima zipite majira ya baridi kali ndipo ziamke, na mara nyingine huchukua hata miaka miwili ardhini. Baridi ya Kericho huitoa sweta kabatini, lakini si baridi hiyo. Fauka ya hayo, mbegu haziingizwi nchini mkobani kama peremende. Ni lazima kupata kibali cha KEPHIS, shirika linalolinda mimea yetu dhidi ya wadudu na magonjwa ya kigeni. Na hata kama kibali kingepatikana, usiache mbachao kwa msala upitao. Wa kwetu tunao.

Tatizo ni kuupata. Novemba 13 mwaka 2023 serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili Wakenya wote wapande miti, na watu walijitokeza kwa wingi. Lakini pita kwenye vitalu vya kando ya barabara uone kinachouzwa: saipresi, mkaratusi, mgrevilea, parachichi. Ukiulizia silibwet, mwenye kitalu atakutazama kama mtu aliyeomba kununua stendi ya matatu. Huuza kile kinachoulizwa. Tukianza kuuliza, ataanza kuotesha.

Wanafunzi mliofunga shule, nina kazi kwenu, na haitahiniwi. Mkienda mashambani likizo hii, mwulizeni babu au bibi jina la kijiji chenu lilitoka wapi. Likiwa jina la mti, ombeni mwonyeshwe mti huo ulio hai. Mkionyeshwa, chukueni mbegu. Mkiambiwa kwamba haupo tena, ulizeni mwingine uko wapi, kwa nani, ng'ambo ya mto upi.

Mdogo wangu, yule wa hoja ya karo, ana hesabu mpya siku hizi. Miche tisa tuliyopanda kando ya kijito, saba imeshika. Juzi alinipigia simu kunieleza habari ya bei ya majani chai, na kabla ya kukata akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Kaka, ule wa karibu na jiwe sasa umenifika begani."